Nani amefunga mtandao?
Maneno ya vijana wanaotunza mtandao wa kambi, mbele ya familia zilizohama na viongozi wao



Tumeombwa kueleza namna tunavyopatia mitambo ya mtandao amri za maandishi. Wengi wanafikiri hiyo ni habari ya mafundi tu. Sisi tumeona kwamba inagusa amani yetu sote.

Mnakumbuka siku ile mtandao ulipokatika upande mmoja wa kambi, na upande wa pili ukaendelea. Kabla ya saa sita maneno yalikwisha kuenea: "Wale wametufungia!" Watu walishindwa kuongea na jamaa zao waliobaki nyuma, hasira ikapanda. Kamati ikatuita.

Swichi, yaani kisanduku kinachogawa mtandao, haina kioo cha kutazama. Tuliiunga na kompyuta kwa waya, tukaandika amri: "show interfaces". Ikajibu kwa maandishi, tundu moja baada ya jingine. Tundu lililofungwa na mtu kwa amri huonyeshwa "administratively down". Tundu ambalo waya wake umekatika au umechomoka huonyeshwa "down" peke yake. Tulisoma mbele ya wajumbe wa pande zote mbili: ni "down" tu. Hakuna aliyelifunga kwa amri.

Lakini hatukuishia hapo. Mtambo haujui nani amekata waya. Basi wajumbe walitembea pamoja wakifuata waya, wakakuta umekatwa na kigingi cha hema kilichopigiliwa usiku wa mvua. Mwenye hema aliomba radhi, na siku ile hakuna aliyepigwa.

Kwa sababu hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila anayetoa amri awe na jina lake na neno lake la siri. Wote wakitumia neno moja, haitajulikana nani alifanya nini, na lawama itamwangukia yule asiyependwa.

Pili, anayeingia katika mtambo akiwa mbali atumie SSH, asitumie Telnet. Telnet hupitisha neno la siri waziwazi, na mtu aliye njiani anaweza kulisoma. SSH, iliyotungwa Finland mwaka 1995, hulificha.

Tatu, kila badiliko liandikwe katika daftari, tena lihifadhiwe ndani ya mtambo. Katika mitambo ya Cisco, amri mpya inafanya kazi mara moja, lakini umeme ukizimika inapotea, isipokuwa umeandika "copy running-config startup-config". Umeme wetu mnaujua! Badiliko likipotea usiku, asubuhi watu watatafuta adui ambaye hayupo.

Wakubwa wetu, kazi hii isibaki mikononi mwa watu wa upande mmoja, hata wakiwa waaminifu. Tuchagulieni msichana na mvulana kutoka kila upande, wenye subira na wanaojua kusoma. Tutawafundisha. Na siku mtandao utakapokatika tena, kabla ya kumtaja mtu, njooni kwanza tusome pamoja.