Mlinzi wa Mashati: Mhadhara juu ya Wasioona na Mazoezi ya Mwili



Mhadhara niliouandaa kwa jioni ya leo ulikuwa mwingine kabisa. Ulihusu misuli ya mgongo, na ulikuwa na picha nzuri. Kisha nikahudhuria warsha moja ambapo, baada ya chai ya saa nne, msemaji msomi na mwenye nia njema alisema kwamba mazoezi ya wasioona yanasubiri vifaa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilipokuwa kwenye daladala kurudi nyumbani ndipo nilianza kubishana naye kimoyomoyo, na mpaka leo sijanyamaza.

Mambo ya msingi nayapita mbio, kwa kuwa mnayajua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja michezo na burudani katika ibara ya 30. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Tafiti nazo zimekuwa zikituambia kwa muda mrefu kwamba wasioona hufanya mazoezi kidogo kuliko wanaoona. Tusonge mbele.

Nilimfuata yule msemaji kumuuliza ni vifaa gani hivyo vinavyosubiriwa. Akaanza na mashine ya kukimbilia inayosema. Hapa namkubalia zaidi kuliko alivyotarajia. Mashine za zamani zilikuwa na vitufe vilivyoinuka, kidole kikavisoma. Za sasa zina kioo kitupu kama cha simu, na mtu asiyeona hawezi kujua pa kubonyeza ili mkanda usimame. Hilo ni tatizo la kweli, tena la hatari. Lakini tazameni lilivyoingia: mashine ilimfungia mtu mlango siku ile ilipoboreshwa. Kifaa kilikuwepo, kikaja kipya, yeye akabaki nje. Matone mawili ya gundi iliyokauka, moja juu ya pa kuanzia na jingine juu ya pa kusimamisha, yangemrudisha ndani. Sijaona ukumbi wa mazoezi uliokosa pesa ya gundi.

Cha pili kilikuwa mpira wa goliboli. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani, kwa ajili ya wanajeshi waliopofushwa na vita, na ukaingia rasmi kwenye Michezo ya Paralimpiki huko Toronto mwaka 1976. Mpira una uzito wa kilo 1.25 na kengele ndani. Wachezaji wote hufunikwa macho, ili mwenye uoni hafifu asimzidi asiyeona kabisa. Mistari ya uwanja ni uzi uliobandikwa chini ya utepe, unyayo ukausoma. Na watazamaji hunyamaza mpira unapokuwa mchezoni. Kengele kweli hununuliwa. Uzi na kimya je? Shule zetu nyingi zilijua hili bila warsha. Zilifunga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki, ukawa unachakarika unapobingirika. Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, ila sikumsikia mtu akiuliza mpira wa watoto wale utalia kwa kitu gani sasa. Vizibo vya soda ndani ya mpira wa matambara vinafaa. Nimejaribu, na wajukuu zangu ni mashahidi.

Lakini hoja iliyomwangusha kabisa msemaji wangu, kwa maoni yangu, ni kamba. Mwaka 2000 kwenye Paralimpiki ya Sydney, katika mbio za mita 5,000 za wasioona kabisa, alikimbia Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Alikuwa amepoteza uoni mwaka 1995 baada ya kiharusi, akapelekwa Machakos kufundishwa kufuma masweta. Siku ile alishikana kwa kamba na mwongozaji wake, John Kibui. Njiani mwongozaji akaishiwa nguvu. Asiyeona akawa ndiye anayemkokota anayeona kuelekea mstari wa mwisho, na dhahabu akaipata. Kifaa chote kilichohitajika kilikuwa kipande cha kamba kinachoenea mfukoni.

Mwenzangu mmoja wa idara jirani, aliyesoma rasimu hii, aliniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Kamba ni utegemezi. Mwenzake asipokuja, hakimbii." Ni hoja nzito, na nimekaa nayo siku nyingi. Kisa cha Sydney chenyewe kinampa nguvu: kasi ya anayeongozwa haivuki kasi ya anayemwongoza. Tena kuna suala la usalama, hasa kwa binti anayetakiwa kukimbia alfajiri na mtu asiyemjua vizuri. Haya yote ni kweli. Lakini Wanyoike hakurudi kufuma masweta. Alianza kufanya mazoezi na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni, na Athens mwaka 2004 akatwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000. London mwaka 2012, Samwel Mushai Kimani akiwa na mwongozaji James Boit alishinda mita 1,500. Waongozaji wanaweza kufundishwa kama tunavyofundisha waamuzi wa soka. Nimeipima hoja ya mwenzangu, nikaipima tena. Bado naitaka kamba.

Wanaonijua walikuwa wanasubiri nifike kwa Francis Joseph Campbell. Basi nimefika, mtanivumilia. Alizaliwa Tennessee mwaka 1832, mwiba ukamharibia jicho angali mtoto, akawa haoni. Alikua mwanamuziki, akafundisha Boston katika shule ya Perkins, kisha mwaka 1872 akaanzisha pamoja na Thomas Rhodes Armitage chuo cha wasioona huko Norwood, London. Kazi ya chuo ilikuwa kutoa wapiga kinanda na warekebishaji wa piano wanaoweza kujilipia chakula chao. Mtu mwingine angejenga vyumba vya piano, akaishia hapo. Campbell aliwaingiza wanafunzi wake majini waogelee, akawavisha viatu vya magurudumu, akawapandisha baiskeli. Hakuona kama anawaburudisha. Kwake yeye, kijana anayeogopa ngazi hawezi kwenda nyumba ya mteja kurekebisha piano, hata masikio yake yawe makali namna gani. Mwaka 1880 alipanda Mont Blanc mpaka kileleni. Ningetoa mshahara wa miezi kadhaa kumsikia akieleza alichokipata kule juu. Wanaoona hupanda milima wakisema wanafuata mandhari. Yeye alifuata nini? Nadhani alifuata mlima wenyewe: miguu, pumzi, barafu chini ya kiatu. Mwaka 1909 Uingereza ikampa cheo cha heshima, naye akafariki mwaka 1914.

Sasa ungamo. Nilipoanza kufundisha mazoezi ya viungo nikiwa kijana, darasani mwangu alikuwemo mvulana asiyeona. Nilimpenda, na nilitaka asiumie. Kila kipindi nilimkalisha chini ya mwembe akilinda mashati ya wenzake. Miaka minne. Kwenye ripoti nikamwandikia "nidhamu nzuri".

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikuwa na vifaa. Lakini siku moja nilijirekodi nikifundisha, nikasikiliza. "Simameni hivi. Mkono uende hivi. Sasa hivi, halafu vile, mrudi huku." Somo zima lilikuwa hivi, vile, huku na pale. Hakuna hata kiungo kimoja cha mwili nilichokitaja kwa jina. Mtu anayesikiliza bila kuniona alikuwa hapati chochote, na hakuna mashine ya kuagiza ng'ambo ambayo ingenisaidia kutaja kiwiko.

Nalo jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba nafundisha kwa Kiswahili. Lugha hii ina chuchumaa, na ina chutama. Ina inama, kunja, kunjua, egemea. Ina kulala chali, kifudifudi na kiubavu. Ina nyonga, paja, ugoko, kifundo na kisigino. Mwalimu anayesema "nyoosha mkono wa kulia mbele, usawa wa bega, kiganja kitazame chini" amempa asiyeona somo lote, na wanaoona hawakupoteza kitu. Nadai kwamba hata wao hujifunza vizuri zaidi. Wenzangu wanasema hapo nazidisha chumvi. Labda.

Hebu wale wenye uwezo wasimame, kwa mguu mmoja. Vizuri. Sasa fumbeni macho. Mnaona mnavyoyumba, na Makamu Mkuu wa Chuo naye? Mwili hukaa wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye unyayo na maungio. Macho yakiondoka, hayo mengine yanapaswa kufanya kazi zaidi, na huimarika kwa mazoezi. Kwa maneno mengine, niliyemkalisha chini ya mwembe ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ya kusimama kwa mguu mmoja. Ketini.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima mwenye familia. Mwaka jana tulikutana kituo cha basi. Alinitambua kwa sauti: "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwomba radhi, akacheka. Akaniambia bado anakumbuka shati la nani lilikosa kifungo gani. Kisha akaniuliza, "Hivi kule uwanjani mlikuwa mnafanya nini hasa?"

Basi lilikuwa limechelewa. Nikamweleza. Tenganisha miguu, upana wa mabega. Nyoosha mikono mbele. Kunja magoti taratibu, kisigino kisiinuke. Akafanya, pale pale, mbele ya wauza karanga. Nikajaa fahari, nikasema, "Safi sana, sasa geuka huku."

"Huku wapi, Mwalimu?"