Siku Khabbab alipochoka



Ndugu zangu, na dada zangu mlioketi upande ule, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine wenu mmetoka kazini moja kwa moja, mmeswali Isha na mko hapa na njaa. Sitawaweka sana, inshaAllah.

Waliopanga kikao hiki waliniambia nizungumze juu ya subira. Nikawaambia, wallahi neno hili tumelichosha. Kijana akichukuliwa tunaambiwa subira. Kitambulisho kikicheleweshwa mwaka mzima, subira. Na anayekwambia hivyo mara nyingi ni mtu ambaye yeye hajapoteza kitu. Basi leo sikuja kuwaambia subirini. Nimekuja na habari ya mtu aliyechoka.

Kwanza niwaeleze kwa nini. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja katika sisi, amekuwa nasi karibu miaka mitatu, alinitumia ujumbe saa saba usiku. Akaniambia: "Ustadh, mimi natoka. Tumeandika barua, tumeenda kortini, tumekaa nje ya kituo na mabango, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao kwa sababu yetu. Naona tunajidanganya." Sikumjibu usiku ule. Si kwamba nilikuwa nimelala. Sikuwa na jibu, na wiki hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nikifikiria hayo hayo.

Wengine wenu mnajua tunakotoka. Kuna mama tunayemsindikiza mahakamani. Mwanawe alichukuliwa na watu waliovaa kiraia, na tangu siku hiyo hakuna ofisi inayokubali kuwa iko naye. Familia ikapeleka ombi kwamba aletwe mbele ya hakimu, yu hai au amekufa. Siku ya kwanza tulikwenda watu kumi na wanne, na picha tulipiga. Mara ya pili tulikuwa tisa. Kesi ikaahirishwa, faili halikuonekana. Mara nyingine wakili wa upande wa pili hakuja. Mara nyingine hakimu alikuwa likizo. Mara ya mwisho tulikuwa wawili, mimi na mama mwenyewe, na kesi ilitajwa kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kupanda ngazi.

Tukishuka nikamwambia, "Mama, samahani. Umechoka bure leo." Akaniambia, "Mwanangu, bure vipi? Jina lake limesomwa." Nikanyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kimoja, na yeye anahesabu kingine.

Sasa Khabbab.

Khabbab bin al-Aratt, radhiyallahu anhu, alikuwa fundi wa chuma pale Makka. Anatengeneza panga. Na alikuwa mtumwa, hana kabila la kumtetea. Alisilimu mapema, watu wakiwa wachache wa kuhesabika. Walimlaza juu ya makaa ya moto, na alama za mgongo wake alibaki nazo mpaka uzee wake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia hana imani.

Siku moja akaja kwa Mtume (SAW). Mtume ameegemea shuka yake kwenye kivuli cha Al-Kaaba. Khabbab na wenzake wakamuuliza: mbona hutuombei msaada? Mbona humuombi Mwenyezi Mungu kwa ajili yetu? Hadithi hii iko katika Bukhari. Yaani sahaba, aliyechomwa moto kwa ajili ya dini, anauliza swali lile lile nililotumiwa mimi saa saba usiku.

Mtume akaketi sawasawa, uso umemwiva. Akawaeleza habari za waliokuwa kabla yao: mtu akichimbiwa shimo, akipasuliwa kwa msumeno vipande viwili, wengine wakichanwa kwa vitana vya chuma mpaka kwenye mfupa, na hayo hayakuwatoa kwenye dini yao. Kisha akaapa kuwa jambo hili Mwenyezi Mungu atalitimiza, mpaka msafiri atoke San'a kwenda Hadhramaut bila kumuogopa yeyote isipokuwa Allah, na mbwa mwitu kwa kondoo wake. Akamalizia kwa kuwaambia kuwa wao wana haraka.

Hebu angalieni alichofanya Mtume hapo. Hakumwambia Khabbab kuwa hakuumia, wala hakumtajia tarehe ya ushindi. Alimwambia itakuwa, na hakusema wewe utaiona. Nyinyi vijana mngemuuliza "lini?" Na mimi pia ningemuuliza.

Tatizo letu, na nasema letu, ni kwamba tumezoea kuona namba. Ukiweka video, baada ya saa moja unajua wangapi wameiona. Ukimtumia mtu ujumbe, unaona kama amesoma. Simu imetufundisha kuwa kila tendo lina matokeo yake papo hapo, na lisilokuwa nayo limekufa. Sasa tunaipeleka akili hiyo kwenye kazi ya Mwenyezi Mungu.

Nabii Nuh (AS) Qur'ani inasema alikaa na watu wake miaka 1,000 kasoro 50. Waliomuamini walikuwa wachache tu. Hata mwanawe wa kuzaa alikataa kupanda safina. Lakini someni sura yenye jina lake, pale anapotoa ripoti kwa Mola wake. Anasema nimewaita usiku na mchana, nimewaita kwa sauti, nimezungumza nao hadharani na faraghani. Ripoti nzima ni ya kazi aliyofanya. Waliomkataa anawataja, walivyoziba masikio na kujifunika nguo zao. Idadi ya waliomfuata haitaji. Na Mtume wetu ametueleza kuwa Siku ya Kiyama atakuja nabii na kikundi kidogo, na nabii mwingine na mtu mmoja au wawili, na nabii asiye na hata mmoja. Huyo wa mwisho ni nabii. Hakuna anayemuuliza mbona uko peke yako.

Hapo niseme neno, maana najua kuna wavivu katika sisi, na mimi ni mmoja wao. Kuna mtu anasema "matokeo ni kwa Allah" ilhali barua ameiandika vibaya, tarehe ya korti amesahau, na mkutano amefika saa mbili baada ya watu kuondoka. Hiyo si tawakkul. Nuh alibadilisha njia: usiku ikikataa, mchana, hadharani ikikataa, faraghani. Kama tumekwenda kituoni na mabango mara sita na hakuna kilichobadilika, ni haki kuuliza kama mabango ndiyo dawa. Kijana yule aliyetaka kutoka alikuwa na hoja hapo, na nimemwambia hivyo. Kubadilisha njia ni sawa. Kuacha kazi ni jambo jingine.

Mnakijua kisa cha Taif. Mtume alikwenda na Zaid bin Haritha, baada ya kufiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib. Wakubwa wa Taif wakamkejeli, wakawatuma watoto na wahuni wampige mawe mpaka miguu ikatoka damu. Safari nzima, aliyemsikiliza ni mtumwa mmoja Mkristo, Addas, mtu wa Ninawi, aliyemletea zabibu. Ungeiandikia ripoti ya mfadhili safari ile, ungeandika nini? Walengwa waliofikiwa: mmoja, tena si mwenyeji.

Malaika wa milima akaja, akamwambia ukitaka nitawafunika kwa milima hii miwili. Akakataa. Alitaraji kuwa katika migongo yao watatoka wanaomuabudu Allah peke yake. Taif iliingia katika Uislamu miaka kama kumi na moja baadaye, mwaka wa 9 Hijria. Na Muhammad bin al-Qasim, aliyefika Sindh mwaka 711, alikuwa Thaqafi, mtu wa kabila lile lile la Taif. Wale waliorusha mawe, wajukuu zao.

Twende karibu na nyumbani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Allah amrehemu. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Aliandika kuwa Waislamu wa pwani wamelala, kuwa wasichana wasomeshwe, kuwa watu wamesahau dini yao na elimu ya dunia wameikimbia pia. Al-Islah halikudumu sana. Watu hawakubadilika kwa sababu ya karatasi, na wengine walimchukia kwa maneno yake. Alianza kufasiri Qur'ani kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1947 kabla ya kumaliza. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mtu aliyeathirika na fikra zake. Miaka 22 baada ya yeye kuingia kaburini. Leo msahafu wa Farsy uko karibu kila nyumba yetu. Al-Amin hakuuona.

Na ndugu zetu Wapemba wa Kwale na Kilifi. Wavuvi, Waislamu, wengine babu zao walifika kabla ya vita vya pili vya dunia, wengine wakaja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wamezaa hapa, wamezikana hapa, na kitambulisho hawana. Laini ya simu unasajili kwa jina la jirani. Benki hupati akaunti. Ukikutana na askari barabarani unaanza kuomba. Wazee wao wakawa wanakwenda ofisi hadi ofisi, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 serikali ikawatambua kuwa raia wa Kenya. Vijana wakapiga picha wameinua vyeti, na tukafurahi nao. Lakini mimi huwafikiria wale wazee waliobeba faili kwenye mfuko wa plastiki miaka ya nyuma, wakaambiwa njoo kesho, wakafa hawana kitambulisho. Je, safari zao zilikuwa bure? Ukimuuliza mjukuu mwenye kadi mfukoni, atakwambia nini?

Turudi kwa Khabbab, maana kisa chake hakikuishia pale kwenye kivuli. Huu ndio upande ambao hatusimuliwi sana.

Khabbab aliishi. Aliona Makka ikifunguliwa. Aliona njia ya San'a ikiwa salama. Akahamia Kufa, Iraq, mali ikamfikia, yeye aliyekuwa mtumwa. Yote aliyoyaomba yalitokea. Mngedhani alifurahi. Alilia! Alimkumbuka Mus'ab bin Umair, kijana wa kitajiri wa Makka aliyeacha starehe zote, akatumwa Madina kuwafundisha watu, akauawa Uhud. Walipotaka kumkafini hawakuwa na kitu ila shuka moja. Wakifunika kichwa miguu inatoka, wakifunika miguu kichwa kinatoka. Wakafunika kichwa, na miguu wakaiwekea majani ya idhkhir. Khabbab akasema kuwa sisi tulihama kutafuta radhi za Allah, na ujira wetu uko kwake. Kuna waliokufa bila kula chochote katika ujira huo, kama Mus'ab, na kuna ambao matunda yao yameiva na wanayachuma.

Na yeye alikuwa mchumaji. Hilo ndilo lililomuogopesha: asije akawa amelipwa yote hapa hapa duniani.

Yule yule aliyeuliza "mbona hatuoni msaada?" akaja kuuona, akawa anamhusudu ambaye hakuuona. Mimi nimekaa na kisa hiki wiki nzima, na bado sijakimaliza. Sisi tunawahurumia waliokufa kabla ya matokeo. Khabbab alijihurumia yeye aliyebaki.

Kijana wetu nilimjibu hatimaye. Sikumtumia hadithi, maana mtu aliyechoka ukimtumia hadithi anaona unamfokea. Nilimwandikia: "Alhamisi kesi inatajwa tena. Sikuahidi chochote. Njoo usikie jina lake likisomwa, kisha uamue." Alama mbili za buluu zimetokea. Amesoma. Hajajibu mpaka sasa, na pengine yuko hapa leo, simtafuti kwa macho.

Basi Alhamisi, saa tatu kasorobo tuwe mlangoni. Beba kitambulisho, walinzi wanauliza. Simu izimwe ndani, na tafadhali tusivae fulana zenye maandishi, mara ile nyingine tulizuiwa kwa sababu hiyo. Asiyeweza kuja, yule mama ana watoto wawili wadogo wa marehemu dada yake. Unga na mafuta yanaishaga katikati ya mwezi. Muone ndugu aliyeketi karibu na mlango, atakuelekeza, na usipige picha ukipeleka.

Allahumma turudishie waliopotea, wapoze nyoyo mama zao, na utukubalie kidogo chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.