BOMU LA ADDIS ABABA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kibera)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema, "Mkubwa mbaya dawa yake ni kumwondoa duniani, basi." Wengine walipiga makofi. Tuliahidi kumjibu, na jibu letu linatoka kwa jirani zetu wa Ethiopia.

Mafashisti wa Mussolini waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Kabla ya kuwaonea Waafrika walikuwa wameanza na wafanyakazi wa kwao: walichoma ofisi za vyama, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakapiga migomo marufuku. Neno hilo tulitie moyoni.

Mtawala wao pale alikuwa Jemadari Rodolfo Graziani. Tarehe 19 Februari 1937 aliwaita maskini wa mji kwenye uwanja wa jumba la kifalme awagawie sadaka, kwa furaha ya kuzaliwa mtoto katika ukoo wa mfalme wa Italia. Wakaja vipofu, viwete na wazee. Ndipo vijana wawili wa Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakatupa mabomu ya mkono. Abraha alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya Waitaliano hao hao. Graziani alijeruhiwa vibaya, lakini hakufa.

Je, waliokufa ni nani? Askari waliwamiminia risasi maskini waliokuja kupokea sadaka. Kisha Guido Cortese, mkuu wa chama cha mafashisti mjini, akawaachia watu wake siku tatu wafanye watakavyo. Mashati Meusi wakaingia mitaani na marungu, visu na petroli, wakachoma vibanda na watu wakiwa ndani. Sisi tunaokaa nyumba zilizobanana twajua jinsi moto unavyokimbia. Ethiopia ilisema waliouawa walikuwa 30,000. Mwanahistoria Ian Campbell alikadiria kama 19,000. Mwezi Mei mwaka ule ule mamia ya watawa wa Debre Libanos nao wakauawa.

Na Graziani? Alipoondolewa, akaletwa mwingine. Kiti kilikuwa kile kile, aliyebadilika ni mkaaji. Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimhukumu miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, wala si kwa damu ya Addis Ababa, na mwaka huo huo akaachiliwa.

Hatusemi kwamba vijana wale hawakuwa mashujaa. Walikuwa mashujaa, na Waethiopia huikumbuka siku ile kila mwaka. Twasema kwamba mabomu yao hayakuungoa utawala ule. Ulingolewa na wengi: wazalendo waliopigana milimani kwa miaka mitano, wanawake waliowapelekea chakula na habari, na majeshi yaliyoingia mwaka 1941. Miongoni mwao walikuwa askari wa Keya waliotoka Kenya wakapita Somalia. Addis Ababa ilikombolewa Aprili, na Mfalme Haile Selassie akarudi mjini tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili.

Ndugu, Kibera hii ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa Keya. Lakini hati ya ardhi ya jumuiya yao, eka 288, waliipata mwaka 2017. Waliipataje? Hawakumuua mtu. Walikwenda mahakamani, wakaandika barua, wakakutana, wazee wakafa na watoto wakaendelea.

Basi ndugu yetu aliyeuliza asikasirike. Hasira yake ni haki, maana hata sisi tunayo. Lakini ukimwondoa msimamizi mmoja kwa jiwe, kesho ataletwa wa pili akiwa na polisi, na atakayepigwa ni kibarua aliyekuwa amepanga mstari akingoja mshahara wake. Tunaloliogopa zaidi ni hilo. Wakubwa hawaogopi jiwe la mmoja kama wanavyoogopa daftari lenye majina ya wote.

Tulipe ada. Tuhudhurie mikutano. Tuijue sheria ya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.