Jiko la Kuni: Moshi Utoke, Moto Ubaki
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku hii. Pili nawashukuru ninyi nyote mlioacha mashamba yenu mkaja. Mweka Hazina amekwisha soma hesabu na Katibu amekwisha soma historia yetu, sitarudia. Mimi nimeambiwa niseme jambo moja ambalo kikundi kimejifunza. Wengine walitaka nizungumzie parachichi kwa sababu ndizo zilizotuletea fedha. Mimi nimechagua jiko. Parachichi zinatupa furaha, lakini jiko ndilo lililotutoa machozi, na mtu hujifunza zaidi pale alipolia.

Mnakumbuka tulikotoka. Kila mmoja wetu alipikia mafiga matatu, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, mtoto yuko mgongoni, macho mekundu kama pilipili. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba hakuna anayetaka kutoka jikoni. Bibi Afya alipokuja kutufundisha alituambia kwamba moshi ule unawaletea watoto nimonia, na sisi watu wazima unatuletea kikohozi kisichokwisha na mtoto wa jicho. Tulinyamaza kimya, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumfikiria.

Basi tukaamua kukopeshana fedha za majiko banifu, lile jiko la matofali na udongo lenye mashimo mawili ya vyungu na bomba la kutoa moshi. Ilikuwa mwaka wa tatu wa kikundi. Tuligawa mikopo kwa furaha. Fundi nilimleta mimi. Nasema hivyo mbele yenu wote: fundi nilimleta mimi, na hakuna aliyemuuliza amejifunzia wapi.

Mwenzetu mmoja alijengewa jiko zuri kwa macho. Bomba la bati lilipita juu ya paa, moshi ukatoka, tukapiga vigelegele tukaenda zetu. Hakuna aliyepanda kutazama. Kumbe bomba lile lilikuwa limegusana na papi, na fundi alikuwa ameziba tundu la bati kwa kipande cha gunia ili mvua isivuje. Wiki chache baadaye kulikuwa na msiba kwake, kande ikapikwa mchana kutwa, jiko likaunguruma. Usiku watu wamelala, lile papi lililokuwa likikauka siku zote likashika moto. Jiko lote liliteketea, na magunia ya mahindi yaliyokuwa darini. Mjukuu wake aliungua mkono. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Sasa jamani, lililokuja baadaye ndilo linalonifanya nisimame hapa. Siku ya kikao tulifungua sanduku kwa funguo zetu tatu kama kawaida, na ikafika zamu ya mwenzetu kutoa rejesho la mkopo wa jiko. Hakuwa nalo. Baadhi yetu tulisema, "Deni ni deni, katiba haijui moto." Mwingine akasema apigwe faini ya kuchelewesha. Mama yule hakujibu. Alitazama chini tu. Mimi Mwenyekiti nilikuwa na maneno ya kusema na sikuyasema, kwa sababu ningesema ningemtaja fundi, na fundi nilimleta mimi.

Nililala na jambo hilo wiki nzima. Kikao kilichofuata nikasimama nikakiri. Tukakubaliana kwamba mfuko wa jamii ulipe nusu ya deni lake, nusu iliyobaki ailipe mwakani bila riba. Kisha tukaandika kanuni katika katiba yetu: mkopo wa jiko utatolewa mara mbili. Nusu ya kwanza ya kununulia vifaa. Nusu ya pili ni ya fundi, na haitoki mpaka akina mama wawili wamepanda ngazi wakakagua. Tulimwomba Bibi Afya, na fundi wa matofali aliyesomea kazi hiyo, watufundishe cha kukagua. Waliyotufundisha nayaeleza hapa ili yabaki katika kitabu chetu, hata mtu ambaye si mwanachama asome.

La kwanza ni mahali. Jiko likae kwenye sakafu ya udongo au ya matofali, lisikae juu ya mbao. Lisiegemee ukuta wa miti. Kama ukuta ni wa miti, jenga ukuta wa matofali katikati na uache nafasi ya hewa. Kuwe na dirisha linalofunguka, hata kama kuna bomba. Na mlango uwe upande ambao ukitokea moto hutauruka ule moto ili utoke nje.

La pili ni udongo. Saruji tupu haifai kwa mahali pa moto, inapasuka. Tunatumia udongo wa kichuguu, tunaukanda pamoja na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Jiko likikwisha kujengwa liache likauke wiki mbili au tatu. Halafu uanze na moto mdogo wa vijiti. Anayewasha moto mkubwa siku ya kwanza anajitengenezea nyufa, na kwenye nyufa moshi unarudi ndani.

La tatu ni bomba, na hapa ndipo palipotuunguza. Bomba la bati likiwa na moto linachoma mbao hata bila kuzigusa. Kanuni yetu ni futi moja na nusu, yaani sentimita 45, kutoka kwenye bomba hadi mbao yoyote, iwe papi, iwe kenchi, iwe rafu ya kuanikia kuni. Kama papi liko njiani, likatwe na kuungwa pembeni. Tundu la kwenye paa lizungukwe na bati, usizibe kwa gunia, nailoni wala nguo. Kichwa cha bomba kipite kilele cha paa kwa futi mbili, upepo usirudishe moshi, na juu kiwekwe kofia ya kuzuia mvua. Kama paa ni la nyasi, usipitishe bomba la bati hapo kabisa. Ezeka bati kwanza, au subiri. Na msikubali bomba la plastiki kwa sababu ni rahisi, linayeyuka na moshi wake ni sumu. Wala msiokote mabomba na mabati ya zamani ya asbestosi mkayakata, vumbi lake linaua mapafu polepole.

La nne ni usafi. Kuni mbichi zinatoa maji na masizi yenye utomvu, yanaganda ndani ya bomba kama lami, na siku moja yanashika moto humo humo. Pasueni kuni mapema, zikae kwenye hewa miezi sita. Kila mwezi pitisha brashi au tawi lililofungwa kwenye kamba ndefu, utoe masizi. Ukisikia bomba linanguruma kama gari na cheche zinaruka, toa watu nje, ziba mdomo wa jiko kwa bati na udongo ili moto ukose hewa, uite majirani. Usimwage maji ndani ya bomba lenye moto, litapasuka. Ndoo ya mchanga ikae karibu na mlango siku zote. Majivu ya moto yawekwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, nje, mpaka kesho yake. Na mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha zahanati. Siyo dawa ya meno, siyo mafuta.

La tano ni ruhusa. Walioko mjini wanatakiwa kupata kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kujenga au kubadili jiko la nyumba. Huku kijijini tunaanza kwa Mtendaji na kwa Afisa Afya. Aliyepanga amwambie mwenye nyumba kabla ya kutoboa paa lake. Na jirani mwenye paa la nyasi aambiwe, maana cheche hazijui mpaka wa kiwanja. Kuni nazo tusizikate kwenye msitu wa hifadhi bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza, na kwa nini tuibe wakati miwati inaota mashambani kwetu?

Mgeni Rasmi, najua Serikali inataka tuhamie kwenye nishati safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa mwezi Mei 2024, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Tunaunga mkono, na wapo kati yetu wenye mitungi ya gesi. Lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi, au maharage yakiwa ya kuchemsha saa tatu, mama anarudi kwenye kuni. Kwa hiyo mpaka siku hiyo ifike, jiko la kuni lililopo liwe salama. Na yule anayebeba jiko la mkaa kuingia nalo chumbani kwa ajili ya baridi, namwomba kwa magoti: aache. Ile hewa ya sumu hainuki wala haionekani, na mtu aliyelala haamki.

Mtauliza kanuni yetu imefanya kazi? Jiko la kwanza kukaguliwa lilikuwa la Mwenyekiti. Nikafeli! Bomba langu lilikuwa sentimita 20 tu kutoka kwenye kenchi, na miaka yote nilikuwa nalala chumba cha pili. Nikabomoa. Tangu hapo hakuna mwanachama aliyekopa jiko bila kukaguliwa, na hakuna paa jingine lililoungua. Wapo waliokasirika kwa kucheleweshewa fedha. Mafundi wawili walikataa kufanya kazi na sisi, wakisema wanawake hawawezi kuwafundisha. Tuliwaacha waende.

Yule mwenzetu aliyeunguliwa hakuhama kikundi, ingawa tulimpa sababu ya kuhama. Leo yeye ni mmoja wa wakaguzi wawili. Yuko hapa, na ngazi ni yake. Ningependa mumpigie makofi, maana sikupata kumwomba radhi mbele ya watu wengi hivi. Mama, samahani.

Ombi langu kwenu mkirudi nyumbani ni dogo. Kabla hamjawasha moto wa jioni, chukueni tochi mtazame pale bomba linapoingia kwenye paa. Mkiona gunia, litoeni. Mkiona mbao nyeusi, msiwashe, njooni kwetu. Kukagua hatutozi hata shilingi, uwe mwanachama au usiwe.

 Chakula kiko tayari, na kimepikwa kwenye jiko lililokaguliwa. Umoja hoyee!