Fedha za Vijana wa Kisii na Nyamira
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya vyama vya vijana huko Kisii na Nyamira, na jinsi wanavyokusanya fedha za kusaidia mitaa yao. Labda mtu atauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Latuhusu sana. Wengi wetu tulio katika kazi ya chai hapa Kericho kwetu ni huko. Mashine za kuchuma chai zimepunguza nafasi za kazi, na vijana ambao wangetufuata huku wamebaki nyumbani. Tena kila mwisho wa mwezi simu zetu hulia: chemchemi yataka kujengewa, darasa halina paa, mgonjwa hajalipiwa hospitali. Basi fedha hizo ni jasho letu.

Vijana hawa hawakuanza jambo jipya. Wazee wa Abagusii walikuwa na egesangio, yaani majirani wachache kulimiana mashamba kwa zamu, na risaga, yaani majirani wengi kukusanyika kwa kazi kubwa ya mmoja wao. Fedha hazikuwako, lakini hesabu ilikuwako. Kila mtu alijua ni nani amekwisha kulimiwa na ni nani bado hajalipa siku yake.

Mwaka 1962 vikaanzishwa vilabu vya 4K katika nchi yetu, maana yake Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wa shule walifundishwa kulima mboga na kufuga kuku. Mwaka 2021 Serikali ilivizindua upya. Angalieni mpango wa maneno yale: kufanya kunatangulia kusaidia.

Mwaka 1963 Mzee Kenyatta alitoa mwito wa Harambee. Neno hilo lilikuwa la wafanya kazi kabla halijawa la wanasiasa. Ndiyo sauti ya watu wanaoinua mzigo mzito pamoja. Kwa nguvu hiyo watu wa Kisii walijenga shule nyingi, na chuo cha ufundi ambacho leo chaitwa Kisii National Polytechnic.

Lakini baadaye Harambee iligeuka. Watu wakawa wanaketi chini ya hema kumngoja mkubwa na bahasha yake. Sheria ya mwaka 2003 ilikataza watumishi wa Serikali kutumia vyeo vyao kuwabana watu watoe michango. Mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, Rais alitangaza kwamba wakubwa wa Serikali wasishiriki tena katika michango hiyo. Kijana anayengoja bahasha hupewa kura ya kupiga pamoja na fedha, na akiuliza hesabu huambiwa nyamaza, si zako.

Sasa tazameni njia ya pili. Tuseme kijiji kina vijana 20. Kila mmoja atoe siku moja kwa mwezi kufanya kazi ya ujira: kuchuma chai ya jirani, kupalilia mahindi, kubeba matofali. Tuseme ujira ni shilingi 300 kwa siku. Hizo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na 72,000 kwa mwaka. Haziwezi kujenga hospitali, lakini zaweza kununua simenti na mabomba ya chemchemi, na mikono ya kuijenga ni ile ile yao. Hapo hakuna mtu wa kuwanyamazisha.

Hatari iliyobaki ni moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na kiwe na katiba. Hilo ni jema, lakini karatasi peke yake haitoshi. Jambo hili sisi wa chama twalijua. Mweka hazina asishike fedha peke yake. Kila shilingi iingiayo iandikwe, na kila itokayo iwe na stakabadhi. Hesabu isomwe mbele ya watu wote, hata aliyetoa shilingi kumi apate kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkiombwa mchango, ulizeni vijana wenyewe wamefanya kazi gani. Pili, ulizeni daftari liko wapi, nanyi msione haya hata kama muombaji ni mtoto wa ndugu yako. Tatu, mkienda nyumbani kwa likizo, ketini nao jioni moja mkawafundishe kuandika kumbukumbu za mkutano na kufunga hesabu. Ujuzi huo tuliupata katika chama hiki kwa ada zetu, wala haupungui ukigawiwa.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema. Umoja ni nguvu.