Hadithi ya kuazima

Sheria ya elimu ya Kongo (DRC) ya Februari 2014 inataka madarasa ya kwanza ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya taifa au ya mazingira. Kwetu Kasongo na Kabambare hiyo ni Kiswahili. Lakini mtoto anaandika nini? Mara nyingi ni kilichoko ubaoni, herufi kwa herufi. Huko ni kunakili tu.

Kitabu cha hadithi, hata kikiwa kimoja darasani, kingesaidia. Mwalimu asome, kisha aulize: hadithi imeanzaje? Nani anataka nini, na nani anamzuia? Halafu kila mtoto aazime mwendo wa hadithi hiyo, atie humo mto Luama, soko, mbuzi wa jirani. Wapo watakaosema huo ni wizi. Mimi sioni hivyo. Hata kusema tulijifunza kwa kuiga, na hakuna aliyetushitaki.

Vitabu vitoke wapi? African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha, za Kiswahili zikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzibadilisha bila malipo. Kiswahili chake si chetu kabisa. Basi wanafunzi wakubwa waziandike upya kwa msemo wa hapa, wawasomee wadogo zao.