Simu Ituletee Mkate, Isituletee Mbio
(Maongezi na familia zilizohama na viongozi wao, Uvira)

 

Wengi wenu mlifika hapa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na simu mfukoni. Wengine mlifukuzwa na maji ya Mulongwe mwezi wa nne 2020, wengine na vita. Leo tuzungumze juu ya ile simu.

Kwanza, biashara. Mama muuza ndagala asisafiri bila kujua bei. Apige simu Kalundu au Baraka kabla ya kutoa pesa. Apige picha ya samaki wake mchana, aandike bei na kipimo, awatumie wanunuzi anaowajua. Akilipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hatembei na franka barabarani. Lakini nambari ya siri haipewi mtu, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Na mali isitoke kabla hujaangalia salio lako mwenyewe, kwa sababu mesaji ya uongo huandikwa na yeyote.

Pili, habari. Hapa ninaungama kosa langu. Usiku mmoja nilipokea sauti kwenye WhatsApp: watu wa kijiji jirani wanakuja kutushambulia. Niliituma katika makundi matatu bila kuuliza. Asubuhi soko halikufunguliwa. Jirani yangu mmoja aliacha mabeseni mawili ya ndagala ya mkopo, akakimbia na watoto. Aliporudi, yalikuwa yameoza. Hakuna aliyekuja. Sauti ile ilikuwa ya zamani, ya mahali pengine. Nimesoma chuo kikuu, lakini deni alilipa yeye.

Wenzetu wa Kenya walijifunza kwa machozi. Mwaka 2012 na 2013 Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliuana katika eneo la Mto Tana, na uvumi ulichochea moto. Baadaye ulianzishwa huko mradi wa Una Hakika. Mwananchi alituma uvumi kwa mesaji, watu wa mradi wakauliza walio mahali penyewe, kisha jibu likarudi kwa simu.

Sisi wa Bonde la Ruzizi pia tuna wakulima na wafugaji, na hatuhitaji kungoja mradi. Kila kata ichague watu watatu wa makabila tofauti, wanawake wakiwemo, wenye nambari za watu waaminifu upande wa pili. Mesaji ikija, wapige simu, waulize: Nani ameona kwa macho? Wapi? Lini? Hatari ikiwa ya kweli, shefu aambiwe mara moja na wasio na simu wapashwe habari kwa mdomo. Jibu likikosekana, mesaji ife mkononi mwako.

Viongozi wetu, ninaomba tusiachane leo kabla ya kuandika majina hayo matatu.